Taunishipu ya Miami, Ohio: Historia na Jiografia ya Mahali Tunapokutana



Kamati ya Maandalizi imeniomba niandike kurasa chache juu ya mahali tunapokutana mwaka huu, ili mgeni anayeshuka katika gari asidhani ameletwa porini bila sababu. Wamenichagua mimi kwa kuwa nimekaa hapa muda mrefu kuliko jamaa wengine, na kwa kuwa nilianza maisha ya kazi nikiwa karani wa ardhi kwetu Zanzibar, kisha nikamalizia katika ofisi ya serikali huku Ohio. Karani wa ardhi hustaafu kazi, ramani hastaafu. Naomba mnisamehe basi nikianza na mipaka.

Mahali Penyewe

Taunishipu ya Miami imo katika Wilaya ya Greene, kusini-magharibi ya Jimbo la Ohio. Mji wa Dayton uko kiasi cha kilomita 30 upande wa magharibi, na Columbus, mji mkuu wa jimbo, uko kiasi cha kilomita 90 upande wa mashariki. Barabara Namba 68 hupita katikati, ikiunganisha Springfield kaskazini na Xenia kusini. Ndani ya taunishipu mna mji mdogo wa Yellow Springs, wenye wakaazi wapatao 3,700 kwa hesabu ya mwaka 2020, na sehemu ya kijiji cha Clifton, ambacho watu wake hawafiki 200. Kwingine kote ni mashamba ya mahindi na soya, na nyumba moja moja kando ya barabara.

Vijana waliozaliwa ughaibuni wameniuliza mara nyingi taunishipu ni kitu gani. Kwa mtu wa kwetu jibu jepesi ni shehia, ingawa mfano haulingani sawasawa. Ohio ina taunishipu zaidi ya 1,300. Kila moja huongozwa na watu watatu waliochaguliwa kwa kura, pamoja na mtunza fedha mmoja, kwa muda wa miaka 4. Kazi zao hazina fahari: kutengeneza barabara za mashambani, kuzima moto, kupeleka wagonjwa hospitali na kutunza makaburi. Lakini cheo chao kwa Kiingereza, kikifasiriwa kwa Kiswahili, ni wadhamini. Naomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

Ardhi ya hapa ni kazi ya barafu. Katika zama za kale barafu nene iliteremka kutoka kaskazini, ikasaga miamba na kuacha udongo mzito wenye rutuba. Ilipoyeyuka, maji yake yalichimba korongo refu katika mawe ya chokaa ambayo umri wake unapita miaka milioni 400. Hilo ndilo Korongo la Clifton. Mto Little Miami hupita humo kwa kishindo, mahali pengine ukibanwa kati ya kuta mbili za mawe hata mtu akadhani angeweza kuuruka. Baadaye hutulia, hugeuka kusini-magharibi na kwenda kumwaga maji katika Mto Ohio karibu na Cincinnati. Mwaka 1969 ulikuwa mto wa kwanza wa Ohio kuwekwa na sheria ya jimbo chini ya hifadhi kwa uzuri wake.

Namna Ardhi Ilivyokatwa

Mtakapopita kwa gari, tazameni barabara. Upande wa kaskazini-magharibi ya mto, nyingi zimenyooka na hukutana kwa pembe za mraba. Vukeni mto kwenda kusini-mashariki, mtaona zinapinda na mashamba yana maumbo ya kila namna. Sababu yake ni ya karne ya kumi na nane.

Mwaka 1785 Bunge la Marekani lilitoa sheria ya kupima ardhi ya magharibi kwa miraba ya maili 6 kwa maili 6. Kila mraba uligawanywa viwanja 36, kila kiwanja maili moja ya mraba, yaani ekari 640, na kiwanja cha 16 kiliwekwa kwa ajili ya skuli. Mraba huo uliitwa taunishipu, na jina likabaki hata pale ambapo mipaka ya utawala ilichorwa upya baadaye. Lakini ardhi iliyo kati ya Mto Little Miami na Mto Scioto ilikuwa imetengwa kuwalipa askari wa Virginia waliopigana vita vya uhuru. Huko hapakuwa na miraba. Askari au wakala wake alichagua kipande, na mpima akaandika: kuanzia mti fulani hadi kwenye kijito, kutoka kijito hadi kwenye jiwe. Mti ulipoanguka, kesi ikaanza.

Niliposoma hati hizo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni zile zile nilizozizoea Pemba: kuanzia mnazi wa fulani hadi mkuyu, kutoka mkuyu hadi njia ya mtoni. Nilivuka bahari nikakuta ugomvi ule ule wa mipaka, ila miti ni mingine.

Waliokuwapo Kabla

Ardhi hii haikuwa tupu ilipopimwa. Ilikuwa ya Washawnee. Mji wao mkubwa, Chillicothe ya Kale, ulikuwa kusini ya hapa, mahali panapoitwa leo Oldtown, kabla ya kufika Xenia. Majeshi ya walowezi kutoka Kentucky yaliushambulia na kuteketeza mashamba yake ya mahindi katika miaka ya 1780. Tecumseh, kiongozi aliyejaribu kuyaunganisha makabila ya asili dhidi ya kunyang'anywa ardhi, alizaliwa katika nchi hii mnamo 1768, akauawa vitani mwaka 1813. Kwa Mkataba wa Greenville wa 1795 makabila yalilazimika kuachia sehemu kubwa ya Ohio, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 Washawnee wa mwisho waliokuwa na ardhi yao jimboni walihamishwa kwenda ng'ambo ya Mto Mississippi. Mwaka 2024 jimbo lilifungua hifadhi na jumba la historia yao pale Oldtown. Nawashauri mwende. Hati zote nilizozitaja hapo juu zilianza kuandikwa baada ya wenye ardhi kuondolewa, na mtu wa hati hana budi kulisema hilo.

Chemchemi, Reli na Chuo

Jina la Yellow Springs maana yake ni chemchemi za njano. Ipo chemchemi ambayo maji yake yana chuma kingi, na chuma hicho kimeupaka mwamba rangi ya kutu. Watu waliamini maji yake ni dawa, wakaja kutoka mbali kuoga na kunywa. Mwaka 1825 kundi la wafuasi wa Robert Owen, mwenye viwanda wa Uingereza aliyehubiri ujamaa, walikuja kutoka Cincinnati kuishi hapa kwa kushirikiana mali na kazi. Haukupita muda wakashindwana na kutawanyika. Sisi tuliowahi kuhudhuria mikutano ya vijiji vya ujamaa bara tunaweza kukisia palisemwa nini katika vikao vyao vya mwisho.

Reli ya Little Miami ilifika mwaka 1846, na mji ukakua kandokando yake. Treni hazipiti tena. Njia ya reli imegeuzwa kuwa njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu, nayo huenda zaidi ya kilomita 100 hadi karibu na Cincinnati. Huko Clifton kinu cha kusaga nafaka kilichoanzishwa mwaka 1802 kingalipo, na gurudumu lake bado huzungushwa na maji ya mto.

Mwaka 1853 Chuo cha Antioch kilifungua milango, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Horace Mann, mtetezi mashuhuri wa elimu ya umma. Wanaume na wanawake walisoma masomo yale yale, na mwalimu mwanamke, Rebecca Pennell, alipewa cheo na mshahara sawa na wenzake wanaume, jambo lisilosikika wakati ule. Coretta Scott, aliyeolewa baadaye na Martin Luther King, alihitimu hapo mwaka 1951. Chuo kilifungwa mwaka 2008 kwa kukosa fedha, na wahitimu wake wakachanga hata kikafunguliwa tena mwaka 2011.

Waliokuja Wakitafuta Uhuru

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niikubali kazi hii.

Mto Ohio ulikuwa mpaka. Kusini yake, katika Kentucky na Virginia, mtu aliweza kuuzwa. Kaskazini yake utumwa ulikatazwa, ingawa ubaguzi haukukatazwa. Kwa hiyo wengi walivuka. Mwaka 1862 mhubiri Moncure Conway, mtoto wa mwenye watumwa wa Virginia, alipata habari kwamba watumwa wa baba yake wamekimbilia Washington wakati wa vita. Aliwakusanya watu wapatao 30, akawasafirisha kwa treni kupitia Baltimore, ambako kundi la watu wenye hasira liliwatishia njiani, akawafikisha Yellow Springs. Wakapata kazi na makazi hapa, na vizazi vyao vikaendelea.

Jirani yetu, karibu na Xenia, ni Chuo Kikuu cha Wilberforce, kilichoanzishwa mwaka 1856 na kununuliwa mwaka 1863 na Kanisa la African Methodist Episcopal, hivyo kikawa mali ya watu weusi wenyewe. Katika miaka ya 1920 alisoma Wilberforce kijana mmoja kutoka Nyasa, Hastings Banda, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Malawi.

Mwandishi Virginia Hamilton, aliyekuwa mweusi wa kwanza kupata Nishani ya Newbery ya vitabu vya watoto mwaka 1975, alizaliwa Yellow Springs na akaandika vitabu vyake vingi hapa hapa hadi alipofariki mwaka 2002. Babu yake mzaa mama, Levi Perry, aliletwa Ohio akiwa mtoto mchanga kutoka utumwani Virginia. Mzee huyo alikuwa na desturi: kila mwaka aliwakalisha watoto wake kumi akawasimulia namna alivyotoka utumwani. Wala hakuona haya. Mjukuu wake alipewa jina la jimbo lile alilolikimbia.

Msidhani kwamba hapa palikuwa peponi. Mwezi wa Machi 1964, miezi miwili baada ya Mapinduzi ya kwetu yaliyowatawanya wengi wa jamaa zetu, palikuwa na maandamano Yellow Springs dhidi ya kinyozi aliyekataa kunyoa watu weusi. Polisi walitumia maji ya mipira na mabomu ya machozi, na watu zaidi ya 100 wakakamatwa.

Unga wa Wajane

Desemba ya kwanza niliyokaa hapa, mwaka 1996, niliingia kwa jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa amefiwa na mumewe. Juu ya meza palikuwa na mfuko wa unga na mfuko wa sukari. Nikadhani amepungukiwa, nikaanza kujikuna kichwa namna ya kumsaidia bila ya kumvunjia heshima. Akafahamu, akacheka. Akaniambia, "Huu ni unga wa Bwana Gaunt. Kila mjane wa mji huu huletewa kabla ya Krismasi." Nikauliza Bwana Gaunt anakaa wapi. Akasema, "Makaburini, zaidi ya miaka mia sasa."

Wheeling Gaunt alizaliwa mtumwa huko Kentucky mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Alipokuwa mtoto mdogo mama yake aliuzwa, wakatenganishwa. Alipokua aliruhusiwa kufanya vibarua baada ya kazi za bwana wake: akang'arisha viatu, akauza matofaa, akaweka senti juu ya senti. Mwaka 1845 alijinunua mwenyewe kwa dola 900. Kisha akamnunua mkewe Amanda. Wakahamia Yellow Springs, akanunua viwanja na nyumba, akawa miongoni mwa watu wenye mali katika mji, na Chuo cha Wilberforce nacho kikafaidi ukarimu wake.

Kabla ya kufa mwaka 1894 aliupa mji ekari 9 za shamba kwa sharti moja: kodi ya shamba hilo inunue unga kwa ajili ya wajane maskini. Baadaye sukari ikaongezwa. Shamba limekuwa uwanja wa michezo na bwawa la kuogelea, nalo huitwa kwa jina lake, kwa hiyo kodi ya kilimo haipo tena. Lakini wakuu wa mji hawakusema kwamba sharti limekufa pamoja na mahindi. Unga huendelea kugawiwa.

Ndugu zangu, niliposikia habari hii sikuhitaji mkalimani. Hii ni wakfu. Shina haliuzwi, na tunda lake huenda kwa waliotajwa. Kwetu Pemba mikarafuu na minazi iliwekwa wakfu kwa mafuta ya taa ya msikiti na kwa futari ya maskini. Na katika taunishipu hii Gaunt hakuwa peke yake. John Bryan, aliyefariki mwaka 1918, aliliachia jimbo shamba lake la kandokando ya mto, ambalo ndilo bustani tutakamofanyia karamu yetu. Mwaka 1929 Hugh Taylor Birch alikipa Chuo cha Antioch msitu wenye chemchemi ya njano kwa ukumbusho wa binti yake Helen, na ndiyo maana unaitwa Glen Helen. Chuo kilipoelemewa mwaka 2020, wenyeji waliunda nguvu ya pamoja kupitia chama chao, wakauchukua msitu wautunze wenyewe.

Hapo ndipo nilipolifahamu neno wadhamini. Mahali hapa hapana dhahabu wala bandari. Kilichopahifadhi ni watu waliokubali kushika amana ya mtu aliyekwisha kufa, na kila mwaka wakalitaja jina lake wakati wa kuitimiza.

Neno Langu kwa Ukoo

Nawaombeni sasa mfungue ukurasa wa nasaba katikati ya kijitabu hiki. Mtaliona jina la babu yetu mkubwa, mwenye mashamba ya mikarafuu Pemba. Chini yake wapo watoto wake watano. Wanne wameandikiwa jina la mama yao na la ukoo wake. Wa tano ameandikiwa neno moja tu: suria.

Yule wa tano ndiye baba wa bibi yangu. Nimehesabu: kati ya majina yaliyomo katika orodha ya wahudhuriaji wa mwaka huu, zaidi ya nusu yametoka kwake. Sisi ni wajukuu wa bibi ambaye kijitabu chetu hakina jina lake.

Tusijifiche. Mashamba yale yalipaliliwa na watumwa, na babu yetu alikuwa bwana wao. Sheria ya kuufuta utumwa Zanzibar ilitolewa mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje yake, nao hawakufikiwa na sheria hadi mwaka 1909. Bibi yetu alisubiri miaka 12 zaidi. Alitoka upande wa Nyasa, akiwa mtoto. Dini yetu ilimpa mwanawe haki sawa na ndugu zake katika urithi, na alirithi. Ni sisi, waandishi wa nasaba, tuliomnyima mama yake mstari mmoja wa wino.

Jina lake ninalo. Mama yangu aliniambia usiku mmoja mwaka 1983, akanisihi nisilitangaze, akisema maneno yatawarudia watoto kwenye posa. Nimelibeba miaka yote hii. Sikuliandika hapa, kwa sababu shangazi yetu mkubwa yu hai, anatoka Maskati kuja kuwa nasi, na si adabu mtoto kulifungua sanduku la wazee kabla ya kupewa ufunguo. Nimempigia simu. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Njoo tukae kitako, mwanangu. Na mimi nina la kusema."

Kwa hiyo nimeiomba Kamati mambo mawili. La kwanza, usiku wa Jumamosi baada ya chakula, tupewe nafasi mimi na shangazi, akiridhia, tuwasimulie watoto, kama Mzee Perry alivyokuwa akiwasimulia wake. La pili, wapiga chapa waliache pengo katika ukurasa wa nasaba, palipo na neno lile. Kila mmoja aje na kalamu.

Asubuhi yake, kwa watakaopenda, nitawaongoza hadi makaburi ya Glen Forest, alikolala Wheeling Gaunt. Ni mwendo mfupi, ila vaeni viatu vizuri, kwani umande wa huku ni mwingi.

Wabillahi tawfiq. Nikosoapo mnisahihishe, na Mwenyezi Mungu awafikishe salama.

Ndimi mzee wenu, karani mstaafu.